Haragwe Kwenye Kona ya Trei

Kitendawili! Mgeni wangu haondoki mpaka avae shati, na shati lenyewe halina mikono. Usijisumbue, ni mashua ya tanga.

Mjukuu wangu Ciru atakuwa ndani ya mojawapo Jumamosi hii, kwenye mbio za kutoka Mombasa hadi Pemba. Jana alikuja kwangu Kinoo, akanikuta nachambua maharagwe kwenye trei, baba yake ameketi kochini.

"Baba, utakuja kuniona?"

Mwanangu huyo maji anayaogopa tangu utotoni. Hata mto wa hapa chini havuki bila kushikwa mkono.

Basi Ciru akageukia trei yangu. Ukingo ukawa ufuo, maharagwe meupe matano yakawa mashua. Akachukua moja jekundu, akaliweka katikati ya ukingo. "Cucu, wewe simama hapa. Tunaanza saa mbili asubuhi, mbele yako kabisa."

"Aa, hapana," baba yake akasema, akiinuka. "Asubuhi jua linatoka baharini. Hapo mama atakodoa macho asione kitu." Kwa kidole kimoja akasukuma haragwe langu mpaka kwenye kona. "Asimame huku kwenye rasi, jua limpige ubavuni."

Ciru akamkazia macho. "Umejulia wapi?"

"Ramani nimeiangalia ofisini wiki nzima."

Mkono wake ukarudi kwenye maharagwe, ukachagua, ukachagua, kama anayenunua. Akatoa moja kubwa jekundu, akaliweka kando ya langu, mbali kidogo na maji.

"Nitakuja," akasema. "Lakini mguu siloweshi."