Moyo Uliofaulu

Siku hizi mtu haozeshwi mpaka moyo wake upimwe asubuhi ya ndoa, ionekane kama unatengeneza homoni ya mapenzi. Moyo wa Mwanakheri ulifaulu. Machozi aliyoyalia wakati wa uchumba aliyaona utoto tu, akampenda Sefu mumewe.

Leo kliniki, mkunga aliitazama picha ya kifua cha Mwanakheri.

"Bibie, homoni yote inatoka kwenye hiki kipande cha nyama kilichopandikizwa. Moyo wako wenyewe hautoi kitu. Hukuambiwa?"

Mwanakheri alikwenda moja kwa moja kwa mamake, akamkuta anachambua mchele.

"Mama, wiki ile ya kabla ya harusi, niliyofungiwa ndani nasingwa mwili, mlininywesha dawa nikalala kutwa. Mlinifanya nini?"

Mamake hakuinua uso. "Ulikuwa unalia humtaki, mwanangu. Tangu hapo umelia tena?"

Mwanakheri alirudi kwake ameapa kwamba Sefu akiingia tu, atamwambia hamtaki, kama alivyosema mwanzo.

Jioni mlango ukagongwa. "Hodi wenyewe," Sefu akaita.

Kifua cha Mwanakheri kikajaa joto. Akafuta machozi, akaenda kumpokea mkoba, na tabasamu likamtangulia mlangoni.