Mwenge Ulipopita Penye Zahanati

Namsifu, mkimbiaji wa zamani aliyewahi kuuletea mji ule medali, ndiye aliyepewa heshima ya kuupeleka mwenge wa mashindano kwenye uwanja mpya. Watu walijipanga barabarani wakimpigia vigelegele. Alipofika mahali ilipokuwa zahanati, alimwona jirani yake, Bi Tatu, amesimama na mjukuu mgongoni, akapunguza mwendo.

Namsifu ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wakubali zahanati ivunjwe kupisha barabara, kwani wakubwa walimwahidi kuwa itajengwa nyingine kabla ya michezo. Fedha zote zikaishia uwanjani. Binti wa Bi Tatu alijifungulia njiani, akafa kabla ya kufika hospitali ya mbali.

"Nisamehe, Bi Tatu," alisema. "Waliniambia itajengwa."

"Hao hatukuwajua, mwanangu. Tulikuamini wewe."

Afisa mmoja alikuja mbio. "Mama, twende! Mgeni rasmi anasubiri!"

Namsifu alimkabidhi mwenge, akaketi kwenye lami yenye joto, miguuni pa Bi Tatu. Vigelegele vikahamia mbele. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono kuufuata moto uliokuwa ukienda zake.