Kati ya Ghorofa ya Saba na ya Nane

Haya ni kweli tupu, kuanzia utosi hadi kisigino. Nikiongeza chumvi hata punje, nipite chini ya meza hii kwa magoti, kama wanavyopita wote wanaoshindwa karata hapa Chengdu.

"Meza ni fupi na wewe ni mnene," alisema rafiki yangu Kuang, akisogeza birika la maji ya moto tuone nyuso zetu. "Haya, anza."

Msikilizaji wangu alikuwa yeye tu. Nyuma ya kiti changu kulikuwa na mtu anayepasua mbegu za alizeti kwa meno, lakini sikugeuka kumtazama. Na yule mtoto aliyekuwa akiokota maganda chini ya meza msimhesabu. Haelewi neno tunalosema.

Basi. Lifti ilisimama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, Jumanne asubuhi, na watu wawili ndani. Mmoja alikuwa Mwalimu Ouyang, mama anayewafundisha wastaafu Kiingereza. Wa pili alikuwa mzee mmoja, tumwite Shao, ambaye mwalimu huyo alikuwa amemkatalia darasa lake mara tatu. Viti vilikuwa thelathini, walioomba mia nne.

Mwalimu alibonyeza kengele. Kimya. Akaibonyeza kwa ngumi. Kimya. Simu haikushika mtandao.

"Tumenaswa," alisema.

"Hicho nacho ni kitenzi," alisema Mzee Shao. "Kwa Kiingereza wanakiitaje?"

"Wewe mzee una wazimu? Tutafia humu!"

"Hatufi, Mwalimu. Kamba ni sita, na moja tu inabeba ng'ombe watano. Nifundishe kunaswa."

Mwalimu alipenyeza kucha kwenye ufa wa mlango, akavuta mpaka ukucha mmoja ukavunjika. Mlango haukutikisika. Hewa ikawa nzito. Kuta zikawa kama zinasogea. Alipochoka akateleza, akaketi sakafuni. Mzee Shao naye akaketi, mgongo kwenye vitufe, na kitu kikalia mfukoni mwake kama sarafu.

"Kwa nini Kiingereza?" mwalimu aliuliza baada ya muda. "Umri huu unataka kuwa balozi?"

"Binti yangu anaishi Toronto. Mwaka jana alimleta mtoto wake, wa miaka mitatu, anajua Kiingereza tu. Tulikuwa tunakula, sufuria ya mchuzi wa pilipili inatokota katikati ya meza. Akanyoosha mkono. Nikapiga kelele kwa lugha yetu: acha! Akacheka. Alidhani babu anacheza naye."

"Aliungua?"

Mzee Shao alichora mstari kwa kidole, kutoka kifundo cha mkono wake hadi kiwiko. "Jumamosi wanarudi."

Mwalimu akatoa mbegu za alizeti mkobani, akazigawa sawa kwa sawa juu ya leso.

"Fuata ninavyosema," alisema.

Alimfundisha kuonya na kukwepa, kuteleza na kuungua, kuanguka na kuponyoka. Alimfundisha kwamba kwa Kiingereza si majambazi tu wanaotishia; hata ukuta hutishia, ukikaribia kubomoka.

"Basi mke wangu ni ukuta."

"Usinichekeshe. Sema kwa nguvu! Mtoto anakimbilia barabarani, wewe unanong'ona kama unaomba kijiko?"

Mzee Shao akapiga kelele.

"Hapo umemwambia akimbie," alisema mwalimu. "Ulitaka asimame. Umeshamuua. Tena!"

Akamuua tena. Aliwaua wajukuu kumi na mmoja humo ndani kabla ya kumpata wa kwanza aliyebaki hai. Jasho lilimtiririka, sauti ikamkauka, na kila alipotaka kupumzika mwalimu alimpiga gotini kwa mkoba. Kama kuna mtu aliyenaswa kweli siku ile, ni yeye.

Walikaa saa tano, bila tone la maji. Halafu, mzee alipotamka maneno yote bila kosa hata moja, lifti ikashtuka, ikaanza kupanda. Yenyewe!

"Yenyewe?" aliuliza Kuang.

"Yenyewe. Naapa."

Nyuma yangu, meno yaliacha kupasua mbegu.

"Dakika arobaini," alisema mtu. "Na Shao ni nani? Lifti za mji huu umezitengeneza miaka thelathini na moja wewe mwenyewe, Pang. Kengele uliikata kabla sijaingia, na ufunguo wa lifti ulikulilia mfukoni mara tu ulipokaa."

Niligeuka. Alikuwa amevaa kofia ya sufu, na mkoba ni ule ule.

Kuang alinitazama, akamtazama yeye. "Mwalimu, ukajua, na ukanyamaza?"

"Ningefanyaje? Alikuwa bado anachanganya kusimama na kukimbia."

Kuang alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanionyesha meza kwa kidole.

Nilivua miwani, nikapiga magoti. Mtoto akatoka chini kunipisha, maganda tele kiganjani. Kichwa kilipita. Mabega yalipita. Tumbo likakataa. Nikasukuma, meza ikainuka, na birika likaanza kuteleza kuelekea ukingoni. Mtoto akanyoosha mkono alidake, mkono wenye kovu refu kutoka kifundo hadi kiwiko.

Nikapiga kelele neno moja.

Mkono ulisimama hewani. Kuang akalidaka birika kwa mpini.

Kisha juu ya kichwa changu nikasikia mbegu ikipasuka.

"Sawasawa," alisema Mwalimu Ouyang. "Haya, malizia kupita."