Nani Atamvika Bi Harusi

Mkasi ulipita mara mbili tu, na mkono wa kushoto wa gauni la harusi ukaanguka sakafuni.

Vyerehani vikanyamaza. Wateja wawili waliofuata sare za watoto wao walisimama. Gauni lilikuwa la Tunu, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mwenyewe alikuwa mbele ya kioo, tayari kulijaribu. 

“Umerukwa na akili?” mama yao alimfokea dada yake Tunu, mwenye mkasi, kutoka meza ya kukatia. “Wiki tatu nalishona hilo!”

“Ndiyo maana.” Dada mtu akaukata na mkono wa pili. “Gauni la Tunu nitashona mimi.”

“Mimi ndiye mama yake!”

“Wewe hukumzaa!”

Wateja wakaangaliana. Siyo kwamba ilikuwa siri. Tunu mwenyewe aliambiwa akiwa na miaka kumi: mama alimleta nyumbani akiwa kichanga wa siku chache, kutoka kituo cha kulelea watoto. Binti wa kumzaa, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa mji mwingine kwa shangazi yake. Aliporudi alikuta mtoto amelala kwenye kitanda chake, na mama akamkataza hata kumbeba, eti atamwangusha. Shule hakurudi tena, na uso wake haukukunjuka. Watu wakasema ni wivu tu: kazoea kudekezwa peke yake, kaletewa mwenzake.

Na wivu wenyewe haukujificha. Mama akimsuka Tunu nywele, dada mtu atazifumua azisuke upya. Mama akimnunulia viatu, vitapotea, na vingine vitatokea chini ya kitanda. Tunu akiugua, wanagombana mlangoni nani aingie na dawa. Lakini kumwita “mdogo wangu”? Hata siku moja. Wageni wakiuliza, alisema tu, “Huyu ni Tunu,” akaondoka.

Leo Tunu alifika mwisho. Aliokota ule mkono wa gauni, akamtupia dada yake usoni.

“Miaka ishirini na minne unanifanyia visa! Kosa langu nini? Kwamba nilipendwa? Haya, chukua! Chukua mama yako, chukua duka, beba na vyerehani vyote!”

“Tunu, mwanangu, nyamaza,” mama aliomba. 

“Sinyamazi! Nitamtafuta aliyenizaa. Nikimpata nitamkaba shingo nimwulize, alikosa jalala mpaka akanitupa kwenye nyumba yenye mtu kama huyu?”

Dada mtu aliuweka mkasi mezani, taratibu. Hakumtazama Tunu. Alikuwa akimtazama mama yake, macho mekundu, taya limekaza kama anatafuna kokoto.

“Uliniapia,” mama alinong’ona.

“Nilikuwa mtoto.”

Kisha akamgeukia Tunu.

“Sikukutupa,” alisema. “Nilikunyonyesha siku nne. Ya tano niliamka nikakuta huyu ameshaondoka na wewe.”