Theluji ya Ijumaa

Saa kumi jioni, joto la Nachingwea likiwa halijapoa hata kidogo, Hemedy alikwangua barafu kwenye friji ya mteja kwa kijiko, akajimwagia kichwani na mabegani, kisha akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Nyuma yake alikuwa ametundika shuka jeupe. Alikuwa na dakika tatu, nne akibahatika, kabla barafu haijawa maji.

Akapiga simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu!" Uso wa mama yake, Mwanaima, ulijaa kwenye kioo. "Ulaya huko baridi haijaisha tu?"

"Wapi! Theluji imeanguka tangu alfajiri. Mitambo haijapumzika."

Miezi mitano iliyopita, watu wa kijijini kwao Mbekenyera walimsomea dua ya safari. Kabla ya hapo alikuwa mhandisi wa barabara, mtoto pekee wa mzee Yunusi, na mzee alikuwa na raha isiyofichika. Hakumwita tena kwa jina. Ilikuwa ni Injinia njoo, Injinia kaa, Injinia amekula?

Kisha Hemedy akaona kwenye simu milima ya Ulaya. Watu wanateleza juu ya theluji, vibao miguuni, na kila kunapokucha mitambo mikubwa inapita kuichonga theluji ile ili njia ziwe mpya. Barabara inayotengenezwa kila siku! Yeye aliyezoea kusubiri miaka mitatu greda lifike Mandawa, akapagawa. Alijifunza mitambo hiyo mwaka mzima, akaacha kazi, akamwamini wakala mmoja wa Dar es Salaam aliyemwahidi kazi huko.

"Mtu anaacha kujenga barabara, anakwenda kuteleza?" baba yake aliuliza. Baada ya hapo hakumwita Injinia tena. Hakumwita chochote.

Siku ya kupanda ndege, simu ya wakala haikupatikana. Haijapatikana mpaka leo.

Angerudi Mbekenyera na uso gani, dua zote zile zimeshasomwa? Akapanga chumba Nachingwea, mwendo wa saa mbili tu kwa pikipiki, uani kwa Mwalimu Goreti, mjane aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba. Anatengeneza mafriji humohumo chumbani. Akitoka kununua mkate, huishusha kofia mpaka kwenye nyusi asije akakutana na mtu wa kwao, maana bodaboda za Mbekenyera hufika huko kila siku. Rafiki hana. Kuna siku hujikuta akizungumza na friji, tena kwa adabu.

"Mama, naomba niongee na baba."

Mwanaima akatazama pembeni. "Hayupo. Siku hizi Ijumaa anakwenda kusali mbali. Rashidy anampeleka na bodaboda yake."

Ijumaa zaidi ya ishirini sasa, jibu ni hilohilo. Hemedy hakutaka msamaha mrefu wala mawaidha. Alitaka kusikia sauti ya baba yake tu, hata kama ni ya kumgombeza.

"Bado ana hasira na mimi."

"Baba yako si mtu wa maneno, unamjua. Unakula lakini? Naona mashavu yanarudi."

"Nakula, mama."

"Haya. Mimi kesho nina harusi Nandagala, nakusanya vyombo hapa. Bakuli langu moja limetoka, litarudi leo. Lile ulilonichorea alama ulipokuwa darasa la kwanza."

Hemedy akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kwao hakuna mwanamke anayepeleka chombo shughulini bila kukitia alama ya rangi kwenye kitako, kisije kikachanganyika na vya wenzake kikapotea moja kwa moja. Wengine huandika herufi. Yeye alichora barabara.

"Mistari miwili ya bluu," alisema.

"Na vidoa vyeupe katikati. Barabara yako ya kwanza hiyo."

Tone la maji likamtiririka usoni, likafuatiwa na jingine.

"Wananiita kazini, mama," akasema, akakata simu.

Alivua koti lililolowa, akakaa sakafuni kati ya mafriji mawili. Hakuwasha hata redio. Ijumaa nyingine ilikuwa imepita hivyo.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Goreti. Kila Ijumaa humletea chakula kwenye sahani yake ya maua, na cha ajabu, mama huyu wa Bukoba huleta ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa kwao Mbekenyera, iliyochemshwa kwa chumvi kiasi kilekile anachokipenda. Siku ya kwanza Hemedy alipomuuliza ameitoa wapi, alijibu kwamba kuna mzee humletea. Hemedy hakuuliza tena. Mwenye njaa hachunguzi sana.

Leo Mwalimu hakuwa na sahani. Alishika bakuli la bati, na alikuwa akihema.

"Hamishia kwenye chombo chako upesi, fundi. Mzee mwenyewe yuko nje na bakuli lake analitaka leo hii."

Hemedy akamimina ming'oko kwenye sufuria. Alilisuuza bakuli kwa adabu, akaligeuza ili alifute na chini.

Mistari miwili ya bluu. Vidoa vyeupe katikati.

Nje ya ua, mtu alikohoa.

"Mwalimu," sauti ya mzee ikauliza taratibu, "Injinia amekula?"