Kaunta ya Jiko Jipya

"Umebana mno!" Fundi alipaza sauti kutoka kitandani. "Legeza! Gundi yote inamwagika chini!"

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, karakanani, mkewe akalegeza. Fundi alisikia skrubu ya klampu ikilia, halafu kitambaa kikifuta.

"Hapo sasa," alisema.

Tangu alipoanguka kutoka kwenye paa la nyumba ya watu na kuvunjika mgongo, hakubakiwa na kazi ila kusikia. Miguu ilishakufa. Vidole vilishika kikombe kwa taabu. Ndugu walimshauri auze mashine, na angeziuza, kama mkewe asingesimama mlangoni, mikono kiunoni, na kusema, "Nifundishe."

Fundi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Miaka yote ya ndoa yao mwanamke huyu hakuruhusiwa kugusa hata randa. Alifagia maranda, akapika kwenye kijichumba cha nyuma, akikatia vitunguu juu ya ubao uliolazwa kwenye ndoo. Huyo ndiye wa kumfundisha?

Lakini kazi ilikuja yenyewe. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akijenga nyumba yake upande wa pili wa mji alishusha lundo la mbao ngumu, akaomba kaunta ya jikoni, nene, ya kukatia nyama na kila kitu, ya kudumu maisha.

"Basi tusilaze mbao," Fundi aliamua. "Gundisha ndefu kwanza. Kisha zikate vipande, uvisimamishe, vichwa vitazame juu, uvigundishe upya. Ubao uliolala, kisu kinaukata nyuzi. Uliosimama, kisu kinapenya katikati ya nyuzi, na kikitoka zinajifunga tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

Vipande vya kwanza vilipinda. Fundi aliusikia msumeno ukiyumba, akamtukana. "Hiyo mikono au miiko? Tupa! Anza upya!" Mkewe alitupa, akaanza upya. Siku nyingine Fundi alikataa hata uji, eti hawezi kula huku mtu anaua mbao nyuma ya ukuta. Mkewe akaurudisha uji jikoni, akarudi kwenye msumeno.

Kisha sauti ya msumeno ikabadilika. Ikanyooka. Fundi alilala akiisikiliza kama mtu anayesikiliza redio, na pole pole akajikuta anaisubiri asubuhi. Mkewe alimletea kila kipande akikague, na kwa kuwa vidole vya Fundi havikuhisi kitu, alikiegemeza shavuni pa mumewe. Fundi alifumba macho.

"Hapa kuna kijinundu."

"Wapi?"

"Karibu na jicho langu."

Akaenda kukitoa. Hawakuwahi kukaa karibu hivyo hata walipokuwa wachumba.

"Mwenye jiko umempima?" Fundi aliuliza siku moja. "Kaunta ikizidi kimo chake, mabega yatamuuma. Ikipungua, kiuno."

"Nimempima."

"Ni mrefu?"

"Tunalingana."

"Afadhali. Utaijaribu mwenyewe."

"Nitaijaribu," alisema mkewe.

Mkandarasi alipita mara kwa mara kuangalia kazi. Alikuwa mtu wa kicheko cha chini chini, na karakana ilichangamka akiwemo. Fundi alifurahi. Mteja anayecheka hasumbui.

"Umemwona mwanafunzi wangu?" alimwita kupitia ukutani.

"Nimemwona, Fundi. Sijaona mfano wake."

"Nimemtengeneza mwenyewe huyo!"

"Nashukuru sana, Fundi," mkandarasi alijibu.

Ikaja zamu ya kupiga randa, kazi inayowaliza hata wakongwe. "Usiisukume mpaka ukingoni, itabandua mbao! Nenda nusu, geuka, ingia kwa upande wa pili!" Mkewe akaenda nusu, akageuka. Baada ya randa, msasa. Baada ya msasa, mafuta yaliyoyeyushiwa nta ya nyuki, na nyumba nzima ikanukia. Vichwa vya mbao viliyanywa mafuta kama ardhi ya kiangazi, mkewe akapaka tena, na tena, mpaka vikashiba.

Asubuhi ya kuipeleka, Fundi aliomba aione. Wanaume wanne waliiingiza chumbani wakihema, wakaisimamisha kando ya kitanda. Mkewe alimwinua kichwa, akalilaza shavu lake juu ya kaunta. Fundi akapitisha uso huku, akapitisha kule. Hakuna kijinundu. Hakuna ufa wa gundi. Machozi yakamtoka, mkewe akayafuta upesi yasiidondokee mbao.

"Mwambie mwenye jiko asiiloweshe," Fundi alisema. "Aifute, na ikianza kupauka aipake mafuta. Atazeeka nayo."

"Anajua."

Ikatolewa. Nje lori la mkandarasi likawashwa. Mkewe alirudi amevaa viatu. Alimweka sawa mto, akasogeza chupa ya uji, akasema dada wa Fundi yuko njiani, atafika kabla ya mchana.

"Unakwenda kuifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Safi. Matundu ya skrubu yawe mapana kidogo, mbao ipate kutanuka." Fundi akapumua, akamtazama kwa haya, kama kijana. "Halafu ukirudi tuanze nyingine. Ya kwako sasa. Nimeshaiwaza yote kichwani."

Mkewe aliinama, akavuta sanduku la nguo kutoka uvunguni.

"Usijisumbue, Fundi," alisema. "Mwenye jiko ni mimi."