Mitumbwi ya Tarsisi

Melania alipaka povu la sabuni kwenye valvu kwa mara ya tatu, akainama karibu kabisa, akangoja. Povu halikuvimba. Tairi lilikuwa limekaa chini tena, kama jana, kama juzi, na Landrova ya Onesmo ilikuwa imeinama upande mmoja mbele ya kibanda cha Melania cha kuziba pancha pale Kahama.

"Si valvu," alisema.

"Basi lijaze tu twende," Onesmo akamjibu. "Litatufikisha."

Melania alitikisa kichwa. Kwa barabara ile, Ushirombo ilikuwa mbali, na Padri wa parokia ya kwao huko alikuwa amewaambia saa nane. Siku nyingine yoyote angeweza kuharibikiwa njiani, lakini si siku hiyo.

Kabla ya kutangaza ndoa yao, Padri alitaka jambo moja tu: mtu aliyeuona mwili wa mumewe wa kwanza kwa macho yake, aje aape na kutia sahihi. Mtu huyo alikuwa Onesmo mwenyewe. Tarsisi, mume huyo, alifukiwa kule Geita, mwezi wa kumi wa mwaka uliopita, ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wa dhahabu wanavyoliita shimo lao. Onesmo, rafiki yake, ndiye aliyeleta habari, pamoja na shati lililojaa udongo mwekundu. Siku hiyo alilia hata wanawake waliokuja msibani wakaanza kumbembeleza yeye.

Tangu hapo hakuacha kuja. Alileta sukari wakati ambao sukari haikuonekana dukani. Aliezeka kibanda upya kabla ya mvua. Miezi yote hiyo alimwita shemeji, mpaka Jumapili iliyopita, Melania alipoikubali posa yake kwa kuinamisha kichwa. Ndipo alipoanza kumwita kwa jina.

"Mimi ndiye niliyemfumba macho, Melania," alimwambia. "Kwa mkono huu. Usiwe na wasiwasi, nitaapa."

Sasa Melania alipiga jeki, akafungua nati, akalaza gurudumu chini. Alilikanyaga tairi mpaka likaachana na ringi, akaingiza vyuma viwili, akalichomoa. Ringi ilikuwa ya chuma cha zamani. Upande wa ndani, kutu ilikuwa imevimba na kubanduka kama magamba ya samaki, na alipopitisha kidole ilimkwaruza. Alimwonyesha Onesmo. Kutu ya namna ile husugua tyubu polepole kila gari linaporuka shimo, mpaka itoboe tundu dogo ambalo jicho halilioni.

Onesmo alicheka, akasema amepata mke na fundi kwa mkupuo mmoja, hatapeleka gari kwa mtu mwingine mpaka afe. Melania naye alicheka kidogo, akiangalia chini. Alikuwa hajacheka hivyo tangu msiba.

Aliijaza tyubu upepo kiasi, akaizamisha kwenye karai la maji, akaizungusha taratibu. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mapovu membamba yakapanda, moja, halafu jingine. Tundu lilikuwa kama la ncha ya sindano. Kando yake, upana wa vidole viwili hivi, palikuwa na kiraka.

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

Mafundi wote wa Kahama hukata kiraka cha mviringo. Tarsisi peke yake alikata kirefu, chenye ncha mbili, kingo zake akazikwangua kwa wembe mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Alisema mpira huvutika kwa urefu, basi na kiraka kilale kwa urefu. Alikuwa mtu wa Chato, kule ziwani, na wenzake walimtania kwamba anachonga mitumbwi kwenye nchi ya ng'ombe. Alimfundisha Melania kazi yote, ila mtumbwi ulimshinda. Alijaribu, akaharibu mpira mwingi, mwisho akabaki na mviringo kama watu wengine.

Melania alikipapasa kiraka kwa kidole gumba. Kilikuwa kimeshika barabara. Machozi yakamlengalenga, na kwa kitambo kidogo aliona kama marehemu amekuja kuwaaga, awape ruhusa yake.

"Kuna nini?" Onesmo aliuliza, akasogea.

"Mtumbwi wa Tarsisi."

Onesmo alichungulia ndani ya karai. Alitazama mapovu matatu yakipanda. Kisha alivua kofia.

"Alinizibia pancha kule Geita," alisema kwa upole. "Siku mbili tatu kabla ya duara kumwangukia. Mungu amrehemu."

"Amina," Melania alisema.

Alipakausha mahali palipovuja, akapapiga msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka chake cha mviringo ubavuni mwa ule mtumbwi. Alisugua kutu yote kwa brashi ya waya, akaizungushia ringi ukanda wa tyubu kuukuu, akarudisha tairi, akajaza upepo, akakaza nati moja baada ya nyingine. Hakuharakisha hata kimoja.

Onesmo aliwasha gari, akamfungulia mlango, akamwita kwa jina. Akamwambia apande, Padri hatawangoja.

Melania alibaki ameketi kwenye kigoda chake, mikono ndani ya karai la maji. Tyubu ile alimtilia Onesmo yeye mwenyewe, mpya, akiitoa kwenye karatasi yake ingali na unga mweupe, juma lile baada ya Pasaka, wakati Tarsisi alikuwa na miezi sita kaburini.